Mluzi wa Mzee Mbonde

Mnapokuja kunitembelea hapa Kibiti, wanangu mnaosoma lugha, nawaona mnavyofanya kazi. Mnatoa simu, mnaisogeza mdomoni mwa mzee wa watu, mnamwambia, "Babu, sema 'tumbili'." Anasema. "Sema 'kombe'." Anasema. Mnashukuru, mnapiga picha, mnaondoka na gari la mchana. Sikuwahi kuwakataza, maana mnaniamkia kwa adabu na mimi sina hulka ya kukaripia wageni. Lakini mkishaondoka hubaki barazani moyo umeniinama, nikijua kuna jambo nilipaswa kuwaambia. Basi leo naliandika. Lisomeni taratibu.

Mimi nilikuwa msaidizi wa watafiti wa lugha. Kazi hiyo haikuwa na jina mtaani. Marehemu mama yangu alipoulizwa mwanawe anafanya kazi gani alijibu, "Anabeba redio ya wasomi." Ilikuwa kweli kwa nusu. Nilibeba mashine ya kurekodia, nzito kama tofali, na nilibeba pia masikio, ambayo Mwenyezi Mungu alinijaalia na walimu wangu wa chuo cha Kurani wakayanoa. Nilizaliwa kwenye vilima vya Umatumbi, kusini ya mto, wazazi wakanihamishia huku nikiwa mdogo. Nyumbani tulisema Kimatumbi, sokoni Kiswahili, na chuoni tukasoma Kurani kwa tajwidi, kila herufi kwa haki yake: pa kuvuta uvute, pa kukata ukate. Nilipokuwa nikichapwa kwa kuvuta pasipovutwa sikujua kwamba ndiyo riziki yangu inatayarishwa. Alhamdulillahi.

Nianze na somo lenyewe, kwani bila hilo hamtaelewa yaliyotokea. Ukisema kwa Kiswahili, "Mzee amekuja," sauti yako inashuka mwishoni. Ukiuliza, "Mzee amekuja?" inapanda. Huko kupanda na kushuka kwa sentensi nzima ndiko tunakoita kiimbo. Ni mali ya sentensi na ya hali ya msemaji: anauliza, anaamrisha, amechoka, ana msiba. Katika Kimatumbi kuna kingine zaidi. Neno lenyewe, kabla hujaliweka kwenye sentensi yoyote, lina kupanda na kushuka kwake. Hiyo ndiyo toni. Tumbili anaitwa kitúumbili, na sauti hupanda kwenye silabi ya pili kisha ikateremka. Ukiipandisha kwingine watu watakuelewa kwa huruma tu, kama wanavyomwelewa mtoto.

Kitenzi nacho kina ajabu yake. Hakina toni ya kuzaliwa nayo. Wakati ndio unaokigawia. Ukisema jambo lililopita, toni ya juu inakaa mahali pamoja. Ukisema litakalokuja, inasogea mahali pengine. Kwa hiyo ilitubidi tuchukue vitenzi na kuvipitisha katika kila wakati na kila kauli, tuandike toni ya juu inakaa wapi, tujaze jedwali. Jedwali hilo ndilo lililotupeleka kijijini Ruaruke, kwa Mzee Mbonde.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Kibiti yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yakajaa sabuni za rangi, sahani za plastiki, viatu vya mitumba na redio za kaseti. Kila kibanda kilipiga muziki wake. Kwa mtu wa kawaida ilikuwa neema, nami sitaikana, maana nilipata shati. Kwa kazi yetu mambo yalikuwa mengine. Chuo kikuu kilichotutuma kiliambiwa kijitegemee, gari la idara likawekwa juu ya mawe, na Mwalimu Tabitha akawa anakuja kwa basi, amepakata mashine kama mtoto mgonjwa.

Huyu Tabitha alikuwa mhadhiri kijana, Mnyiramba wa Singida, Mkristo mcha Mungu. Asubuhi alisali kimoyomoyo kwa lugha ya kwao, nami nilikuwa nimeshasali yangu, kisha tukapanda baiskeli na kuukabili mchanga. Kinyiramba nacho kina toni, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuambiwa toni ni nini. Aliniita Kaka Saidi, nami nilimwita Mwalimu, na katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja hatukuwahi kununiana zaidi ya kutwa moja.

Mzee Mbonde alikuwa mkulima wa mpunga, Mmatumbi wa vilimani kama mimi, mtu wa kofia ya kitani na ugoro. Siku ya kwanza tulimkalisha barazani, Tabitha akawasha mashine. Mzee akavua kofia, akaivaa upya vizuri, akakunja miguu, akasema, "Bismillahi," na kuanza. Maneno yalitoka mazuri ajabu. Kila neno lilipanda katikati, likatulia mwishoni kwa mvuto mrefu unaoshuka polepole. Tukamwekea maneno mengine, yakatoka vilevile. Siku zilizofuata Tabitha alichora na kufuta na kuchora. Akaniambia huenda tumekuta kanuni ambayo haijaandikwa popote: kila nomino inamalizikia na toni ndefu ya kushuka. Na mimi, mtu wa tajwidi, niliyepaswa kushtuka wa kwanza, niliona ni sawa kabisa. Masikio yangu yalikuwa yamezoea uzuri ule tangu utotoni.

Aliyetuokoa ni mkewe, Bi Zuhura. Alitoka ndani na uteo wa mchele, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Baba Hadija, leo kuna hitima?"

"Nafundisha lugha," mzee akajibu bila kugeuka.

"Lugha gani hiyo? Umekaa unasoma kama uko chuoni! Ninyi watoto, hebu muulizeni, akimwona tumbili kwenye mpunga anamtaja hivyohivyo? Tumbili akae asubiri dua iishe?"

Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. Tabitha alinitazama, nami nikaitazama mashine, maana sikuwa na pengine pa kutazama. Ilikuwa hivyo hasa. Wazee wetu wamesoma chuo. Ukiwakalisha mkekani na kuwapangia maneno moja moja, wanayasoma kwa heshima waliyofundishwa kusomea. Kazi yote ile tukaichana.

Kwa hiyo, wanangu, msimuulize mtu neno peke yake. Mpeni jambo la kusema. Muulizeni jana aliona nini shambani, atawaambia aliona tumbili, na tumbili huyo atakuwa wa kweli. Kisha mlipate neno lilelile mwanzoni mwa sentensi, katikati na mwishoni, ndipo mtajua kipi ni cha neno na kipi ni cha sentensi. Mkifanya haraka mtakiita kiimbo toni, na toni mtaiita kiimbo, na hakuna atakayewasahihisha kwa miaka mingi.

Bi Zuhura tangu siku hiyo akawa anatukagua. Siku moja alimuuliza Tabitha zile herufi na mistari ni za nini. Tabitha hakumwambia "huwezi kuelewa, mama," kama nilivyowahi kuwasikia wengine wakisema. Alikuwa amekuja na vibanio vya nguo vya plastiki kutoka Dar, vitu vilivyokuwa vigeni Ruaruke, na nguo zake zilikuwa zimeanikwa kambani. Akamvuta bibi mkono mpaka pale.

"Mama, hizi nguo ni zile sauti a, e, i, o, u. Vibanio ni kupanda na kushuka kwa sauti. Wenzetu wa zamani waliandika kana kwamba kibanio kimeshonewa kwenye nguo. Nguo ikipotea, kibanio kimepotea nayo." Akaivuta kanga moja ikachomoka. "Sasa hii imeanguka. Kibanio kiko wapi?"

"Si hicho, kimebaki kwenye kamba."

"Ndivyo tunavyosema siku hizi. Mtu akisema haraka vokali hudondoka, lakini toni yake haidondoki. Inashika nguo ya jirani."

Bi Zuhura alifikiri. "Na kibanio kimoja kinashika nguo mbili, zikikaribiana."

"Toni pia, mama. Moja inashika vokali mbili, tatu."

"Na nguo moja ikashikwa na vibanio viwili, kama nzito?"

"Hapo sauti inapanda na kushuka ndani ya vokali hiyohiyo."

"Basi kazi yenu si mbaya," Bi Zuhura akasema. "Mkimaliza kusoma, hivi vibanio mniachie."

Tulimwachia. Na nawaambieni, nimekaa katika vikao vya wasomi wenye majina makubwa, wakieleza safu ya toni na safu ya vokali na mistari ya kuziunganisha, na kila mara niliona kamba ile ya Ruaruke.

Kosa langu mimi lilikuwa jingine. Chuoni nilifundishwa kuheshimu mvuto, kwa hiyo kila nilipokuta vokali ndefu nilisikia kama imepanda. Tabitha alinitibu kwa kunifunga mdomo. "Lisikilize neno, kisha lirudie kwa kuguna, mdomo umefumba." Ukiguna, mvuto unabaki mvuto na kupanda kunabaki kupanda, havichanganyiki tena. Alinifundisha pia kwamba sentensi ndefu huteremka kama njia inayotoka vilimani kwenda bondeni. Toni ya juu ya mwishoni inaweza kuwa chini kuliko toni ya chini ya mwanzoni, na bado ni ya juu, kwa sababu inapimwa na jirani yake tu. Mtu mwenye huzuni hubana sauti yake yote, nafasi kati ya juu na chini ikawa nyembamba kama ufa. Toni bado zimo. Sikilizeni ufa huo.

Mpunga ulipoanza kukomaa, wenyeji walihamia mashambani kulinda. Kila mtu na dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, anafukuza ndege na nguruwe na hao tumbili. Mzee Mbonde alikuwa upande huu, Bi Zuhura upande wa pili kabisa, na kati yao mpunga na upepo. Asubuhi moja tuliwakuta wakiitana. Kwa umbali ule konsonanti hazifiki. Kilichofika ni kupanda, kushuka, kuvuta, kukata. Na bado bibi alijibu, na jibu lake lilikuwa refu, na mzee akalielewa kiasi cha kuficha kopo la ugoro nyuma yake.

"Kaka Saidi," Tabitha akaninong'oneza, "nguo zote zimepeperuka. Vimebaki vibanio vitupu, na wanagombana vizuri tu!"

Nimechelewa kufika kwenye yanayofuata kwa kuwa sipendi kufika.

Sauti ya Mzee Mbonde ilianza kukwaruza. Tulidhani ugoro, tulidhani vumbi la pumba. Akanywa asali, akanywa mizizi. Hospitali ya huku wakamwandikia aende Dar, Dar wakampima, wakakaa na wanawe, kisha wakamrudisha nyumbani. Uvimbe ulikuwa kooni na ulikuwa umekawia kuonekana. Nilipokwenda kumjulia hali alinipa mkono, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa mnong'ono.

Mnong'ono ni kitu cha ajabu, na ninyi mnaosoma fonolojia mnapaswa kuujua. Vokali zimo, konsonanti zimo. Lakini ndani ya koo hakuna kinachotetema, kwa hiyo hakuna kupanda wala kushuka. Mwenye kunong'ona Kiswahili hapotezi sana. Mwenye kunong'ona Kimatumbi anakupa nguo zote zimetandazwa chini. Utaeleweka, kwa kuwa watu huokoteza maana kwa kukisia. Ila si kusema ulikokuzoea.

Siku hiyo nilipoaga, Bi Zuhura alinifuata hadi kwenye ua wa makuti.

"Saidi mwanangu, mume wangu ananisemesha Kiswahili."

Nilidhani sijaelewa. "Kiswahili, mama?"

"Kiswahili. Tangu aje kuniposa hajawahi kunisemesha Kiswahili ila mbele ya karani wa kijiji. Sasa amelala pale: 'Naomba maji.' 'Ahsante.' Ahsante! Mimi ni nani, nesi?" Alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Nimezaa naye, nimezika naye watoto. Ananiaga kama mgeni, na bado hajafa."

Nilirudi ndani nikamuuliza mzee, kwa lugha yetu, nikiwa nimechuchumaa karibu na kitanda. Alinijibu kwa Kiswahili, kwa mnong'ono, akipumzika katikati ya maneno.

"Nikisema cha kwetu kinatoka maiti. Naona uso wa mama Hadija anavyohangaika kukikisia. Bora nisikiseme."

Tabitha alikuja baada ya hapo, safari ya mwisho. Fedha za kazi zilikuwa zimekatwa na alikuwa ameambiwa arudi na chochote atakachopata. Katika jedwali tulikuwa tumebakiza nyakati chache na kauli za masharti, zile za "kama ningefanya." Nilimweleza habari za mzee. Hakuuliza habari za jedwali. Aliuliza, "Pumzi anayo?"

"Anayo."

"Midomo je?"

Nikajua anafikiria nini. Watafiti wa toni huwaomba watu wapige mluzi. Ukilipigia neno mluzi, vokali na konsonanti zinaondoka, toni zinabaki tupu, wazi kama mifupa. Yeye alishawahi kufanya hivyo sehemu nyingine. Lakini huku kwetu mluzi ndani ya nyumba haupigwi. Mtoto akijaribu anapigwa kofi la mdomo. Unaita nyoka, wanasema, na unaita wasioonekana.

Tabitha alimwomba Bi Zuhura kwa upole sana, na bibi alimtazama kama aliyemtemea mate.

"Mluzi? Ndani ya nyumba yenye mgonjwa? Binti, humu malaika wanapita, watu wanakuja kusoma Yasini, wewe unataka tuwaite mashetani?"

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Yeye alijua," bibi akasema, akinionyesha mimi kwa kidevu. Na kweli nilijua, na moyoni nilikuwa upande wake. Sikuwahi kupiga mluzi maishani mwangu hata shambani.

Nilirudi Kibiti peke yangu nikaenda kwa maalimu wangu wa chuo, aliyekuwa mzee sana wakati huo na macho yameshaingia ukungu. Nikamweleza yote. Alikuwa akisugua meno kwa mswaki wa mti, hakuacha.

"Anataka kupiga kwa mchezo?"

"Hapana, maalimu. Hana sauti."

"Na mkewe anataka nini?"

"Anataka mumewe amsemeshe."

Akasugua tena. "Bubu akimwelekea Mola wake kwa kidole, nani atamwambia arudi na ulimi kwanza? Lakini usiende kumshinda yule mama kwa jina langu. Nyumba ni yake. Mwambie nilivyosema, kisha unyamaze."

Nilirudi Ruaruke nikafanya hivyo. Nilimwambia, nikanyamaza. Bi Zuhura alikuwa anapeta, akapeta mpaka mchele ukawa mweupe na bado akaendelea kupeta. Halafu akasema, "Barazani. Ndani hapana." Akaingia, akamshika mumewe kwapani, akamtoa nje yeye mwenyewe.

Mchana ule ulikuwa wa joto, kuku wamejilaza vumbini. Tabitha akawasha mashine. Mzee alinong'ona neno la tumbili, tukaliona midomoni zaidi ya kulisikia. Kisha akakusanya midomo, akapiga mluzi: chini, juu, chini, chini. Ulikuwa mluzi mwembamba, una hewa nyingi. Bi Zuhura alikuwa ameinamia uteo. Mkono wake ukasimama.

Mzee akanong'ona neno la kombe, lile gamba la pwani, kikóloombe. Akalipigia mluzi. Linapanda mahali palepale, ila mvuto wake uko mbele kidogo, baada ya kupanda. Halafu, bila kunong'ona chochote, akapiga mluzi mmoja na kumtazama mkewe kwa pembe ya jicho.

"Kombe," bibi akasema bila kuinua kichwa.

Akapiga mwingine.

"Tumbili. Unatuchezea, baba Hadija."

Akanong'ona sentensi nzima, polepole, kisha akaipigia mluzi nyuma yake, kama mtu anayetandika kitambaa halafu anakipitishia uzi. Mnong'ono ulileta vokali. Mluzi ukaleta toni. Mistari ya kuziunganisha, ile ambayo Tabitha alikuwa akiichora kwa kalamu, aliichora Bi Zuhura kichwani mwake, papo hapo. Akajibu kwa Kimatumbi, kwa ukali, kwamba mbuzi kafungwa vizuri na asijifanye hajui nani aliyekuwa akimfunga vibaya zamani. Mzee akacheka kicheko kisicho na sauti, mabega tu. Tabitha aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake na nikaona tone likidondokea wino.

Tulifanya kazi hivyo, tukimpumzisha. Tulijaza wakati uliopita wa karibu na wa mbali, tukajaza ujao. Yakabaki masharti. Nimewaambia kwamba hampaswi kumpa mtu sentensi za bandia, mpeni jambo lake. Basi nilimuuliza mzee kwa lugha yetu, "Kama ungerudishiwa nguvu, ungefanya nini?"

Alinitazama. Halafu akanigeuzia bega, akamwelekea mkewe. Akaanza kunong'ona.

Bi Zuhura aliinua kiganja kutuelekea bila kututazama. "Zima hicho."

Tabitha akazima hapo hapo. Hakutafuta macho yangu, hakusema "mama, kidogo tu." Tukainuka, tukashuka barazani, tukaenda mpaka kwenye baiskeli zetu uani. Pale mnong'ono haukufika. Ulifika mluzi peke yake, na baada ya kila mluzi sauti ya bibi ikijibu, chini, imebanwa, hata maneno yake sikuyapata. Ulikwenda hivyo kwa muda mrefu. Na katika mluzi ule nilisikia toni ya juu ikikaa mahali ambapo hatujawahi kuiandika katika wakati wowote. Sentensi baada ya sentensi, palepale. Ndiyo masharti yaliyokuwa yanasemwa, kama ninge, kama ninge, na mimi nilijua toni yake yote na sikujua hata neno moja.

Nilipogeuka, Tabitha alikuwa na kalamu mkononi.

"Umesikia inapokaa?" akauliza.

"Nimesikia."

"Tukiandika?"

Nilimwambia, "Mwalimu, pale hatukualikwa." Akafunika kalamu na kuitia mfukoni.

Mzee Mbonde alifariki kabla mpunga mwingine haujapandwa. Mungu amrehemu. Nilipokwenda kumpa pole, Bi Zuhura alikuwa edani, tukasemezana pazia likiwa katikati. Sauti yake ilikuwa imebanwa mno, lakini kila toni ilikuwa mahali pake. Alizungumza Kimatumbi mwanzo hadi mwisho. Alisema kwamba tangu mchana ule mumewe hakurudia Kiswahili mpaka siku aliyotoa shahada, na kwamba hakumwachia neno la kukisia. Hakuniambia alichoambiwa, nami sikuuliza.

Jedwali lilichapishwa baada ya miaka. Katika mstari wa masharti hakuna kitu, nafasi ni nyeupe. Najua mnaposoma mnaona upungufu, na baadhi yenu mmeniuliza kwa nini hatukumtafuta msemaji mwingine. Fedha zilikwisha, Tabitha akapelekwa kazi nyingine, mimi nikarudi kulima. Wasemaji wapo bado vilimani, wakipungua kila mwaka, na nawaombea Mungu awafikishe kwao mkaijaze nafasi hiyo. Nendeni na mashine nzuri, kaeni nao mpaka wasahau kuwa mnarekodi, waulizeni mambo yao ya kweli. Na mkiambiwa zima, zimeni. Kisha ondokeni barazani, mkasimame mbali kuliko tulivyosimama sisi.